Chakula cha jioni cha wawili Karibi: Barbados, Saint Lucia, Saint Martin au Aruba?

Wengi wanaopanga fungate au likizo ya wawili katika visiwa vya Karibi huanzia kwenye menyu. Hutazama picha za sahani, hulinganisha bei, huweka nafasi. Siku ikifika wanakuta jua limeshazama kabla hawajaketi, upepo unazima mishumaa kila ikiwashwa, na teksi ya kuwarudisha hotelini inadai pesa ambayo hawakuipangia. Mpishi hana kosa hapo. Jioni ya namna hii inategemea meza inatazama upande gani, mnaketi saa ngapi, upepo unavuma kutoka wapi na mtarudi kulala kwa njia gani. Menyu inafuata baada ya hayo, na ndiyo maana kisiwa kinachowafaa wapenzi hawa kinaweza kuwaharibia wale.

Tumechukua visiwa vinne vinavyotofautiana kweli kweli. Mwenye haraka aondoke na haya: mkitaka kuvaa mkapendeza, kukaa hadi usiku na kuhudumiwa kwa taratibu zote, nendeni Barbados. Mkitaka mandhari, Saint Lucia, ila mle mchana au mapema jioni. Kama chakula chenyewe ndicho kinachowasafirisha, Saint Martin. Na mkitaka kula miguu ikiwa ndani ya bahari, Aruba.

| | Barbados | Saint Lucia | Saint Martin (Grand Case) | Aruba (Savaneta) |
|---|---|---|---|---|
| Machweo, mwishoni mwa Novemba | takriban saa 11:28 jioni | 11:33 | 11:34 | 12:11 |
| Machweo, mwanzoni mwa Julai | takriban saa 12:29 jioni | 12:36 | 12:52 | 1:09 usiku |
| Pesa | dola ya Barbados: 2 kwa dola 1 ya Marekani | dola ya Karibi Mashariki: 2.70 | yuro | florini: 1.79 |
| Gari hupita | kushoto | kushoto | kulia | kulia |

Jua, upepo na maji

Visiwa vyote vinne vinatumia saa moja, saba nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam. Jua lenyewe halijali saa ya ukutani. Aruba iko digrii 10 hivi magharibi ya Barbados, na kila digrii ni dakika nne za jua, kwa hiyo machweo ya Aruba huchelewa kwa dakika 40. Meza ya saa 12:00 jioni mwezi Desemba ni ya giza Barbados. Aruba meza hiyohiyo inawapa jua likiwa bado juu ya maji. Hili peke yake limewakosesha watu wengi machweo, kwa sababu migahawa mingi ya kifahari hufungua jikoni saa 12:00 au 12:30 jioni mwaka mzima, bila kujali mwezi. Mkienda kati ya Novemba na Januari, kisiwa chochote isipokuwa Aruba, ulizeni kama baa yao hufunguliwa mapema. Mtazame jua mkiwa na kinywaji, kisha mhamie mezani.

Pale ambapo saa inaruhusu, ketini dakika 45 kabla ya machweo. Dakika kumi zitakwenda kwenye kupelekwa mezani na kuletewa maji, nyingine kumi na tano kwenye menyu na kuagiza, na jua litakapogusa bahari mtakuwa mmeshatulia. Giza la huko huingia haraka kama la kwetu. Nusu saa baada ya machweo hamtaona chochote zaidi ya taa.

Mtu wa pwani aliyezoea kaskazi na kusi kubadilishana asahau hesabu hiyo. Karibi upepo hutoka mashariki karibu mwaka mzima. Upande wa mashariki wa kila kisiwa una mawimbi makubwa, na tangu mwaka 2011 hupokea pia mafungu ya mwani unaoelea uitwao sargasamu, ambao ukioza ufukweni hunuka kama yai viza. Upande wa magharibi umekingwa, maji yametulia, na ndiko jua linakozama. Kwa hiyo mgahawa wa jioni utafuteni magharibi. Bathsheba, mashariki mwa Barbados, ni mahali pazuri mno, lakini pa chakula cha mchana: jua la jioni huzama nyuma yenu na barabara ya kurudi ni ya giza.

Aliyefika kwenye mgahawa ulio juu ya jabali kule Michamvi Pingwe, Zanzibar, anajua kwamba maji yakipwa unakwenda kwa miguu na yakijaa unavushwa kwa mashua. Bamvua la kwetu hupandisha maji zaidi ya mita tatu. Karibi tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata mita moja, na Aruba ni kama sentimita 30 tu. Ndiyo sababu Aruba wanaweza kuzitia meza baharini na kuziacha palepale usiku kucha.

Barbados: usiku mrefu wa kuvaa na kukaa

Migahawa ya kifahari ya Barbados imejipanga pwani ya magharibi, parokia ya Saint James na kipande cha Saint Peter, kupitia Holetown hadi Speightstown. Barabara kuu inapita karibu sana na bahari, hivyo mingi imebanwa kati ya lami na maji, baraza zake zikining'inia juu ya mawe. Baadhi huangaza maji kwa taa kutoka juu, na mkiwa mstari wa mbele mtaona samaki wakipita chini ya meza. Hapa ndipo Barbados inapowashinda wengine: giza likishaingia bado kuna cha kutazama. Mliokosa machweo hamjapoteza jioni.

Mavazi yana masharti. Mwanamume avae suruali ndefu na shati lenye kola. Kaptula na kandambili hurudishwa mlangoni sehemu kadhaa. Msibebe nguo yoyote yenye madoadoa ya kijeshi, hata kofia au ya mtoto: Barbados ni kosa la jinai kwa raia kuivaa, na Saint Lucia pia.

Msimu wa juu ni katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili. Katika miezi hiyo migahawa mingine hugawa usiku kwa awamu mbili, ya kwanza mapema na ya pili kuanzia saa 2:30 hivi. Ya kwanza ina mwanga lakini mtaombwa kuiachia meza. Ya pili haina jua wala haraka. Kwa maadhimisho ya ndoa tunapendekeza ya pili, na kinywaji cha machweo mkakipate kwingine kabla.

Ponchi ya ramu ya kisiwa hiki ina kanuni ya zamani: kipimo kimoja cha chachu, viwili vya tamu, vitatu vya kali, vinne vya maji au juisi. Chachu ni ndimu, tamu ni shira ya sukari, kali ni ramu. Pigeni hesabu: ramu ya asilimia 43 ikiwa vitatu katika kumi, glasi nzima inafikia takriban asilimia 13, yaani nguvu ya mvinyo ndani ya kitu kinachonyweka kama sharubati. Glasi mbili kabla ya chakula zimewalaza watu kabla ya kitindamlo.

Cha kienyeji ni cou-cou na samaki warukao. Cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia. Mla ugali ataitambua mara moja, ingawa ni laini zaidi na huteleza. Migahawa ya kifahari huileta kama kidonge kidogo pembeni ya sahani. Ya kushiba mtaipata Oistins, pwani ya kusini, ambako Ijumaa usiku vibanda huchoma samaki mahali pa wazi, kwa moshi na muziki: sulisuli, jodari, mahi-mahi, pamoja na makaroni ya kuoka na shelisheli. Ubaoni mkiona samaki ameandikwa "dolphin", ni huyo mahi-mahi, si pomboo. Fikeni saa 12:00 jioni. Kuanzia saa 2:00 foleni hurefuka na mabenchi mnagawana na wageni. Si mahali pa kunong'onezana, lakini wapenzi wanaopenda kucheza muziki watafurahi kuliko kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Siku nyingine za wiki baadhi ya vibanda hufunguliwa na huwa pametulia.

Usafiri ni rahisi kuliko visiwa vingine vitatu. Mabasi, na vile vibasi vyeupe vyenye namba za ZR ambavyo Mkenya au Mtanzania atavizoea kwa dakika moja, hupita barabara hiyohiyo ya pwani kwa dola 3.50 za Barbados. Usiku hupungua, kwa hiyo kurudi chukueni teksi. Teksi hazina mita. Bei isemwe kabla mlango haujafungwa.

Onyo moja la ufukweni. Kuna mti uitwao manchineel wenye vitunda vya kijani kama tufaha dogo. Utomvu wake huunguza ngozi, na maji ya mvua yanayochuruzika majanini hubeba utomvu huo. Mingi imepakwa mkanda mwekundu shinani. Mvua ikiwakuta mkitembea kuelekea mgahawani, afadhali mlowe.

Saint Lucia: mandhari, mkiiwahi

Kinachowaleta watu huku ni Pitons, milima miwili iliyochongoka kutoka baharini karibu na mji wa Soufrière. Gros Piton unapita mita 770 na Petit Piton mita 740, na eneo lote liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2004. Mgahawa wa Dasheene, katika hoteli ya Ladera, umekaa kwenye kilima takriban mita 300 juu ya bahari, na kwenye reli yake unatazama bahari moja kwa moja kati ya milima hiyo miwili. Jirani yake kuna Rabot, shamba la kakao la tangu 1745, ambako mgahawa wake hutia kakao hata kwenye nyama na mchuzi wa saladi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo picha za matangazo hazisemi: Pitons hazina taa. Dakika 30 baada ya machweo, mandhari mliyoilipia inakuwa weusi mtupu, na mnabaki na mgahawa mzuri wa kawaida wenye bei ya mandhari. Hapa chakula cha mchana kirefu, au meza ya saa 10:30 jioni kwa vinywaji na vyakula vidogo, kinashinda chakula rasmi cha saa 2:00 usiku. Tunalisema bila kusita, hata kwa wenye fungate.

Sababu ya pili ni barabara. Hoteli nyingi kubwa ziko kaskazini, Rodney Bay na Castries, na kutoka huko hadi Soufrière ni saa moja na nusu ya kona na miteremko. Kurudi usiku, mmeshiba na mmekunywa, mmoja wenu atatapika. Mchana zipo boti za kukodi zinazoteremka pwani ya magharibi, na safari hiyo ni sehemu ya starehe. Mnaotaka usiku wa Soufrière kwa lolote, laleni Soufrière angalau usiku mmoja.

Chukueni shali nyepesi, maana kilimani kuna ubaridi baada ya mvua, na dawa ya mbu ipakwe miguuni kabla hamjatoka chumbani. Msipakae mezani: harufu yake huua ladha ya chakula.

Ijumaa usiku kijiji cha wavuvi cha Anse La Raye huchoma samaki barabarani. Pametulia zaidi kuliko sherehe ya Gros Islet ya usiku huohuo, ambayo ni ya muziki kuliko chakula.

Saint Martin: kula kwanza

Kisiwa kimoja, nchi mbili tangu mkataba wa 1648: kaskazini Wafaransa, kusini Waholanzi, na mpakani hakuna anayewasimamisha. Grand Case ni kijiji cha upande wa Kifaransa chenye barabara moja nyembamba, na kando yake upande wa baharini migahawa imepangana mlango kwa mlango. Hamna kisiwa kingine kati ya hivi vinne ambapo mnaweza kuchagua kwa miguu. Menyu hubandikwa nje. Fikeni saa 11:00 jioni, egesheni gari mwanzoni mwa kijiji, tembeeni barabara yote mkisoma, rudini mlipopapenda. Msimu wa juu mtahitaji nafasi kwa migahawa inayosifika, lakini siku ya katikati ya wiki meza mbili tatu hubaki.

Ghuba inatazama kaskazini-magharibi. Desemba jua huzama kusini zaidi, yaani mkono wenu wa kushoto kabisa, kwa hiyo kabla ya kukubali meza hakikisheni ukuta wa jirani hauzibi upande huo.

Huduma ni ya Kifaransa, na mgeni asiyeizoea huielewa vibaya. Sahani huja moja moja, katikati mnaachwa mzungumze, na bili haiji mpaka muiombe. Hilo si dharau: kumletea mtu bili hajaiomba ni kama kumfukuza. Tengeni saa mbili na nusu. Bei ya menyu tayari ina malipo ya huduma, na mkiridhika mnaacha yuro chache tu. Migahawa kadhaa hupokea dola taslimu kwa kiwango cha moja kwa moja. Yuro ikiwa ghali kuliko dola, hapo mmeokoa pesa, ila ulizeni kabla, kwa kuwa ofa hiyo kwa kawaida haihusu kadi.

Katikati ya barabara hiyo kuna lolo, vibanda vya mkaa wazi vyenye meza za mbao: mbavu, kuku, samaki, kambakoche msimu wake, na wali wenye maharage. Lolo kwa mchana, mgahawa kwa usiku, ndiyo siku kamili ya Grand Case.

Yanayoharibu ni mawili. Septemba na sehemu ya Oktoba migahawa mingi hufungwa kwa mapumziko, kilele cha msimu wa vimbunga; kimbunga Irma kilikipiga kisiwa hiki tarehe 6 Septemba 2017 na uharibifu ulikuwa mkubwa. La pili ni viza. Uwanja mkubwa wa ndege uko upande wa Kiholanzi, na Saint Martin ya Kifaransa haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya kawaida ya Schengen peke yake haiwapi haki ya kuingia. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aulize masharti ya pande zote mbili kabla hajanunua tiketi.

Aruba: meza ndani ya bahari

Aruba iko kusini, karibu na Venezuela, pembeni ya njia ya kawaida ya vimbunga. Kwa safari ya Septemba au Oktoba ndicho chaguo lenye wasiwasi mdogo kuliko vingine vyote hapa.

Savaneta ni kijiji cha wavuvi, nusu saa hivi kwa gari kutoka hoteli za Palm Beach. Flying Fishbone iko hapo: meza nyingine ziko kwenye sakafu ya mbao, nyingine mchangani, na mstari wa mwisho umo majini, maji yakifika vifundoni au zaidi kidogo. Mnapoweka nafasi semeni wazi mnataka mstari wa majini, kwa sababu wengi huandika "karibu na maji" wakapewa mchangani. Gauni refu litalowa pindo. Vaeni la kufika gotini na suruali ya kukunjika. Viti huzama mchangani polepole, kwa hiyo mtu mzito achague upande wa nchi kavu. Mkoba ukiwekwa chini umekwisha. Bebeni taulo dogo ndani ya gari, maana safari ya nusu saa na miguu yenye chumvi na mchanga inachosha.

Upepo wa Aruba ni mkali kuliko wa visiwa vingine vitatu, na ndio unaoipinda miti ya divi-divi yote upande mmoja. Faida yake ni mbu wachache. Hasara ni kwamba mshumaa usio na kioo hauwaki, leso hupeperuka na chakula hupoa upesi. Agizeni vyakula visivyoharibika vikipoa kidogo. Risoto na tambi za krimu hugandamana ndani ya dakika tano za upepo ule. Samaki mzima wa kuchoma huvumilia.

Kijijini humohumo kuna Zeerovers, kwenye gati la wavuvi. Mnapanga foleni dirishani, mnachagua samaki na kamba, vinapimwa kwa uzito, vinakaangwa, na mnapewa kwenye kikapu pamoja na chipsi, ndizi na pan bati, mkate mwembamba wa mahindi. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya jirani, na bahari ni ileile. Wapenzi wenye bajeti finyu waende huko kabla ya jua kuzama na wasijione wamekosa kitu. Mahali pengine jaribuni keshi yena, jibini iliyojazwa kuku na kuokwa, na funchi, ugali wa huko unaokatwa vipande na kukaangwa.

Meza ya faragha ya hoteli

Karibu kila hoteli ya ufukweni kwenye visiwa hivi huuza kibanda cha vitambaa vyeupe mchangani, mienge pembeni, mhudumu wenu peke yenu. Hata hoteli ya kulipia kila kitu mara moja huiuza kwa nyongeza, na wengi hulijua hilo wakiwa wameshafika. Ni nzuri kwa kuchumbia, kwa sababu hakuna wa kuwatazama. Kwa chakula ni dhaifu, maana jiko liko mbali. Sahani inayosafiri mita 150 mchangani hufika vuguvugu. Kubalini chakula cha kuanzia kiwe cha baridi na kikuu kiwe cha kuchoma. Kaeni mbali na chochote cha kukaangwa.

Shida yake kubwa ni visubi, vile vidudu vya mchangani visivyoonekana, vinavyouma saa ya machweo upepo ukitulia, hasa baada ya mvua. Ombeni muanze nusu saa baada ya machweo na si wakati wenyewe, kuwe na mkeka chini ya meza, na mtajiwe mapema mtahamishiwa wapi mvua ikinyesha. Wasipokuwa na jibu la hilo la mwisho, msilipe.

Bili

Neno "dola" limewatia watu presha. Barbados, menyu ikiandika 130 bila kusema ya nani, mara nyingi ni ya Barbados, yaani dola 65 za Marekani. Chukueni mfano: vyakula viwili vya kuanzia vya 50, viwili vikuu vya 130, kitindamlo kimoja cha 45 mnachogawana, vinywaji 100. Jumla 505. Ongezeni asilimia 10 ya huduma, 555.50. Gawanyeni kwa mbili: dola 277.75 za Marekani. Saint Lucia ndiko kwenye mchanganyiko mkubwa zaidi, maana migahawa ya watalii huandika dola za Marekani na ya mtaani huandika za Karibi Mashariki, na tofauti ni karibu mara tatu. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Huduma ikishatozwa kwenye bili, bakshishi ya ziada si lazima. Aruba hutozwa sehemu nyingine na nyingine hapana, basi isomeni karatasi. Mashine ya kadi ikiwauliza mlipe kwa pesa ya nyumbani au ya kisiwa, chagueni ya kisiwa. Kiwango cha mashine huwa kibaya.

Samaki, na chakula cha halali

Samaki wakubwa wa miambani, hasa mzia na chewa wakubwa, wanaweza kubeba sumu ya sigwatera, ambayo haiuawi kwa kupika wala kugandisha. Dalili ni kutapika, midomo kufa ganzi, na kitu cha baridi kuhisiwa kama kinaunguza. Hatari hii ni kubwa zaidi visiwa vya kaskazini, Saint Martin ikiwemo. Jodari na mahi-mahi, samaki wa bahari kuu, kwa kawaida hawahusishwi na sumu hiyo. Mkipewa mzia mkubwa mahali msipopajua, kataeni kwa upole.

Kambakoche ana miezi ya kufungiwa uvuvi. Saint Lucia hufunga kuanzia Machi kwa miezi kadhaa. Akiuzwa kama "wa leo" ndani ya muda huo, ametoka kwenye barafu au amevuliwa kinyume cha sheria.

Kwa Waislamu, Barbados ndiyo rahisi zaidi: ina jumuiya ya Waislamu wenye asili ya Gujarat na kuku wa halali hupatikana Bridgetown. Migahawa ya kifahari lakini, kote, hutegemea samaki. Swali la kuuliza si nyama tu. Saint Martin mchuzi mweupe wa samaki aghalabu umepikwa kwa mvinyo, na keki nyeusi za Barbados na Saint Lucia hulowekwa ramu. Andikeni ombi hilo siku mnayoweka nafasi, maana mpishi aliyeshachemsha mchuzi wa jioni hawezi kuutoa mvinyo. Samaki wa kuchoma kwa ndimu na siagi, bila mchuzi, hupatikana visiwa vyote vinne.

Kuweka nafasi

Kwa Krismasi, Mwaka Mpya na tarehe 14 Februari andikeni miezi miwili au mitatu kabla. Kwa siku za kawaida za msimu wa juu, wiki tatu nne. Ujumbe uwe na tarehe, saa ya kuketi na si saa ya kufika, mstari wa meza mnaoutaka, sababu ya sherehe, na msichokula. Ulizeni mambo matatu: meza hiyo imethibitishwa au ni "tutajitahidi", mnaruhusiwa kukaa hadi saa ngapi, na kadi itakatwa kiasi gani mkighairi. Wengi hutaka taarifa ya saa 24 au 48. Mvua kwa kawaida haihesabiwi kuwa sababu ya kughairi.

Dereva wa kuwapeleka awe ndiye wa kuwarudisha, kwa bei moja iliyokubaliwa ya kwenda na kurudi, na apewe saa ya kuja kuwachukua iliyosogezwa mbele dakika 30 kuliko mnavyodhani mtamaliza. Grand Case isogezeni saa nzima.